Dhamana ya Kipwiti

1

Kipwiti ni ndege mdogo kiasi kwamba ukimfumbata, kidole gumba kinabaki bila kazi. Mgongo wake una rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa, kidari ni cheupe, na koo ni kama limepakwa mawese na mtu aliyekuwa na haraka. Anaishi chini kabisa ya msitu wa mlima, kwenye kiza cha mchana, na kazi yake kubwa ni kuwafuata siafu. Hawali siafu, si mjinga kiasi hicho. Anawaacha wapite wakivuruga majani makavu, na kila panzi, mende na buibui anayekurupuka ili asiliwe na siafu elfu kumi, analiwa na kipwiti mmoja. Wazee wa Udzungwa waliomtazama miaka mingi wanasema hata siafu wenyewe wamekwisha kumzoea, na siku asipotokea wanapoteza mwelekeo. Hilo halijathibitishwa. Halijakanushwa vilevile.

Kiota anakijenga ndani ya kisiki kilichooza. Anataga mayai mawili, matatu mwaka ukiwa mzuri, na anayaatamia siku kumi na tatu. Mei, ukungu unapokaa mlimani na wadudu wakajificha, anateremka bondeni. Oktoba anarudi. Wakubwa ndio wanaotangulia. Watoto wanaondoka wiki tatu baadaye, bila mzazi wala jirani wa kuwaonyesha, na wanafika palepale walipofika wakubwa. Ramani wanazaliwa nayo. Iko nyuma ya jicho la kulia, mahali padogo kuliko punje ya ulezi.

Hayo yalijulikana mwaka 2061. Na kwa kuwa binadamu akiokota barua isiyo yake hawezi kuiacha bila kuifungua, mwaka 2068 ikajulikana namna ya kuisoma ramani hiyo, na mwaka 2070 namna ya kuandika nyingine mahali pake.

Haikuwa kwa ubaya. Msitu wa bondeni ulikuwa umekwisha. Vipwiti walikuwa wanateremka kwa ramani ya babu zao, wanakuta miwa na mabwawa ya samaki, na safari inaishia hapo. Mwaka 2079 waliteremka mia tatu, wakarudi sita. Ndipo Baraza la Njia, lenye dhamana ya kila kiumbe anayehama nchini, likapanda msitu mpya kilomita mia mbili kusini, na tangu hapo kila yai la kipwiti lililopatikana mlimani likaandikwa njia ya kwenda huko. Miti ya msitu huo ilistawi vizuri sana. Wadudu ndio waliosahauliwa kualikwa. Mwaka 2092, kati ya watoto hamsini walioandikwa, walirudi kumi na wanne. Mwaka 2093 walirudi tisa.

Kituo cha Nyangosi, kilichokuwa kinafanya kazi hiyo, kilikuwa na watu wawili wa kudumu. Mkuu wake alikuwa Leokadia Kihwele, Mhehe wa miaka hamsini na mitatu, ambaye aliweza kumtoa ndege kwenye wavu bila kumpotezea unyoya mmoja huku akimgombeza mtu kwenye simu. Wa pili alikuwa Kanisius Mbano, Mngoni, msomaji. Katika miaka kumi na moja alikuwa amesoma ndege thelathini na mmoja, wa aina nyingi, na wote walikuwa wamezikwa nyuma ya jiko, kila mmoja na kijiti chake. Maana kusoma kuna jambo moja ambalo hati za Baraza hulieleza kwa upole. Kile kipande cha nyuma ya jicho lazima kitolewe, na kikishatolewa, ndege hana tena haja ya kwenda popote. Baraza haliandiki "kuua". Linaandika "kuhitimisha".

Asubuhi moja ya Novemba mwaka 2093 Kanisius alimfuata Leokadia kwenye kibaraza akiwa na hati ileile kwa mara ya tatu.

Hati ilimhusu kipwiti mmoja, jike, mwenye pete mguuni namba 0417. Alikuwa ametoka kwenye kiota ambacho kituo hakikukiona, kwa hiyo hakuandikwa chochote. Kila Mei aliondoka, na badala ya kwenda kusini na wenzake, akashika njia ya bondeni, kule kwenye miwa, mahali ambapo kwa hesabu zote hapakuwa na kitu cha kumlisha. Kila Oktoba alirudi mzima. Alifanya hivyo miaka minane. Kituo kilimfunga kifuatilio ili kijue anakokwenda. Cha kwanza alikidonoa kikaanguka siku ileile. Cha pili kilikutwa juu ya paa la ofisi. Cha tatu alikitumia kujengea kiota, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubomoa kiota, kwa miezi miwili Baraza lilipokea taarifa za safari ndefu ya kisiki kilichooza.

Ilibaki njia moja. Asomwe, ramani yake ichukuliwe, iandikwe kwenye mayai. Na mayai yalikuwepo, arobaini na sita, kwenye mashine ya kutotolea. Yalikuwa yamekusanywa viotani, na mayai ya chokaa yakaachwa yakiatamiwa badala yake, kisha yakawekwa kwenye ubaridi na kuingizwa kwenye joto kwa pamoja ili siku ya tisa iyafikie yote kwa mpigo. Siku ya tisa ndiyo pekee inayofaa. Kabla ya hapo hakuna kichwa cha kuandikia, na baada ya hapo mfupa umefunga. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Leokadia alikuwa amemkamata 0417 kwa mkono wake Jumapili, na sasa ndege alikuwa ndani ya tundu la waya ofisini, akila panzi bila aibu yoyote. Aliyemkamata ndiye mwenye dhamana, na msomaji hagusi ndege mpaka mwenye dhamana atie sahihi. Tena watu hao hawaruhusiwi kuwa mtu mmoja. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya msomaji mmoja wa kaskazini kukamata na kusoma ndege kumi na mmoja alasiri moja, kwa maelezo kwamba mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na kazi nyingine.

Kanisius aliiweka hati mezani, akaeleza tena hesabu yake. Ishirini, kumi na nne, tisa, miaka mitatu mfululizo. Mwakani watakuwa wanne, au hawatakuwepo. Ndege mmoja mzee dhidi ya aina nzima. Aliyasema hayo bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma bei ya sukari.

Leokadia alisema ataisoma hati akimaliza chai. Akanywa chai mpaka saa tano.

2

Jumanne mzee Festo Kikoti alifariki. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, baba mdogo wa Leokadia, na kabla ya kustaafu alipanda ule mlima kwa miaka arobaini akibeba mayai ya vipwiti ndani ya kofia ya sufu. Alikufa amekaa, akisubiri chai, na chai ilipofika ilikuwa na joto kuliko yeye. Majirani walisema hicho ni kifo cha mtu aliyelipwa vizuri na Mungu.

Mazishi yakawa Jumatano mchana, kwenye shamba la ukoo, hatua mia mbili kutoka kituoni.

Sasa Mngoni hawezi kukaa kimya kwenye msiba wa Mhehe. Walipigana zamani mpaka wakachoka, na kilichobaki baada ya kuchoka ni utani. Mtani anaingia msibani bila kubisha hodi, anachota mboga kwenye sufuria kabla ya wafiwa, anamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, anavaa viatu vyake. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Na kaburi likishachimbwa, mtani anashuka humo, analala, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Kinachotolewa kaburini hakirudi. Mtani akikirudisha, watu wanasema amewarudishia wafiwa kifo chao, na hapo hata utani hauokoi mtu.

Mlimani Nyangosi kulikuwa na Mngoni mmoja tu. Kwa hiyo Kanisius, mwenye shahada mbili na cheti cha kusoma, alilazimika kuibeba kazi ya kabila zima. Aliibeba vizuri. Tangu asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa koti la marehemu, amekohoa kikohozi chake mpaka wajane wa jirani wakacheka na kulia kwa pamoja, na amemwambia katekista kwamba Wahehe wasiharakishe maziko, wawape mbwa wa kijiji nafasi ya kufurahi, maana leo wenyeji, ambao watani husema wanakula mbwa, wanakula maharage.

Jeneza lilipofika, alikuwa amelala chini kaburini, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

Walimpa kuku. Akasema kuku ni mchanga. Wakampa lile koti liwe lake moja kwa moja. Akasema koti ni lake tangu asubuhi, wasimpe mali yake mwenyewe. Mpwa mmoja wa marehemu alimwambia kwamba Wangoni wanakimbia tangu walipotoka kwao kusini, miaka mia mbili na hamsini, na ndiyo maana leo kachokea kwenye shimo la mtu. Watu walifurahi. Kanisius alifungua jicho moja.

"Nataka kipwiti," alisema. "Yule wa ofisini. Nipeni 0417, nitoke."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kila mtu pale alikuwa amesikia habari ya ile hati, maana mlimani hakuna siri inayozidi umri wa siku moja. Kanisius naye alicheka, kule chini, ameridhika. Ulikuwa utani mzuri, wa kumchoma mkuu wake kidogo mbele ya watu, na mkuu hana ruhusa ya kununa.

Leokadia hakununa. Alimkabidhi dada yake kanga aliyojifunika, akatoka kwenye kundi la wafiwa, akashika njia ya kituoni. Kaburini kulisubiriwa. Katekista alifungua kitabu, akakifunga. Baada ya dakika kumi hivi Leokadia alirudi akiwa na mfuko wa kushikia ndege, ile mifuko laini ya Baraza yenye utepe wa kutambua kiganja cha anayeishika. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachotikisika.

Alipiga goti ukingoni mwa kaburi, akanyoosha mkono.

"Pokea, mtani. Ni wako. Sasa ondoka, baba mdogo anataka kulala."

Mtu aliyelala kwenye kaburi la watu na kudai kitu mbele ya kijiji kizima, akiletewa kitu hicho, anakipokea. Hakuna jambo jingine analoweza kufanya. Kanisius alipokea. Mfuko ulitambua kiganja kipya, ukalia "pii", sauti ndogo tu, lakini kwa kuwa wakati huo kila mtu alikuwa amenyamaza, waliisikia mpaka waliokuwa wamesimama kwenye mahindi. Taarifa ikaenda Barazani yenyewe: kipwiti 0417, mwenye dhamana wa awali Kihwele L., mwenye dhamana wa sasa Mbano K.

Alipanda juu akiwa na udongo mgongoni. Jeneza likateremshwa. Ilikuwa katikati ya wimbo wa pili ndipo Kanisius alipokumbuka ile kanuni ya dhamana, na wale waliosimama karibu naye walisema aliacha kuimba.

3

Walirudi kituoni saa kumi jioni. Kanisius alimrudisha ndege tunduni, akamwekea panzi, akamfuata Leokadia jikoni alikokuwa anaosha vyombo vya msiba.

"Chukua ndege wako," alisema.

"Mimi sina ndege."

"Mama Kihwele, kesho ni siku ya tisa."

"Najua. Nimehesabu mwenyewe."

Kanisius alimweleza kwamba hakuna mtu yeyote, si katekista wala Baraza, atakayemlaumu mtani kwa kurudisha kitu alichodai kwa mzaha. Leokadia alimuuliza kama mama yake, kule Songea, angekubaliana na maneno hayo. Kanisius alifikiri. Mama yake alikuwa mwalimu wa fizikia, na siku ya maziko ya Mhehe mmoja alichukua kaburini kinu kizito, akakibeba kilomita kumi na mbili hadi nyumbani, na hakukitumia hata siku moja, wala hakukirudisha. Kanisius akaliacha suala hilo.

"Ulifanya makusudi," alisema.

Leokadia alipangusa bakuli, akaliweka, akachukua jingine. Alisema kwa miaka yote hiyo amekuwa akiletewa hati, za ndege hawa na wengine, na thelathini na moja alizitia sahihi, na kila mara Kanisius alikuwa anazipokea, anaingia ndani, na baada ya dakika chache anatoka akiwa ananawa mikono na kuuliza chakula cha mchana ni nini. Hakumlaumu kwa hilo. Aliona ndivyo kazi ilivyogawanywa.

"Huyu nimeshindwa," alisema. "Nimeshindwa kutia, nimeshindwa kukataa. Ukiniambia habari ya mayai naona una haki. Nikimwangalia yeye naona sina haki. Wewe siku zote umekuwa na uhakika. Nikaona dhamana iende kwa mwenye uhakika."

Kanisius alisema uhakika wake ulikuwa wa hesabu.

"Basi hesabu haijabadilika tangu asubuhi."

Kanisius alikaa kwenye kigoda. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, kwa nini asisomwe. Ndege wa miaka minane, kwa aina yake, ni kikongwe. Huenda Mei asifike hata bondeni. Akifa njiani, anakufa na ramani.

Leokadia alikubali kwamba huenda. Alisema yeye hamhurumii kwa uzee. Kinachomsumbua ni jingine. Mahali anakokwenda yule ndege pamebaki salama miaka yote hii kwa sababu hakuna anayepajua. Ramani ikisomwa, patajulikana, na Baraza litatuma watu wa kupima, kisha uzio, kisha barabara ya kufikia uzio.

"Kila mahali tulipopajua tumepasaidia," alisema. "Angalia pamebaki nini."

Kisha akasema kwamba pia yawezekana anakosea, na kwamba vipwiti wote watakwisha kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeogopa barabara. Alilisema hilo palepale, bila kupumzika kati ya maneno hayo na yale ya kwanza, na Kanisius aliona afadhali angelia.

Baraza lilipiga simu kabla ya jua kuchwa. Sauti ilikuwa ya kistaarabu. Ilikuwa imeona mabadiliko ya dhamana na haikuyaona kama tatizo. Kwa kuwa Bwana Mbano ni mwenye dhamana na hawezi kusoma, msomaji mwingine atafika kesho saa nne kwa ndege isiyo na rubani. Bwana Mbano atatia sahihi tu. Tena Baraza lilifurahi kwamba dhamana iko kwa mtu anayeelewa sayansi.

4

Msomaji aliitwa Tumsifu Mlay, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye begi safi. Alisalimia vizuri, akawapa pole ya msiba, akauliza choo kiko wapi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Vifaa alivipanga juu ya kitambaa cha kijani kwa mpangilio uleule ambao Kanisius angevipanga. Mashine ya kutotolea ilikuwa imewashwa taa ya chini, na mayai arobaini na sita yaling'aa kwa ndani, kila moja na mishipa yake kama mizizi myekundu na kitone cheusi cha jicho.

Hati ilikuwa mezani. Tumsifu alimwonyesha mahali pa kutia sahihi, kwa kidole, kama anavyoonyeshwa mtu asiyejua.

Kanisius alishika kalamu. Akauliza inachukua dakika ngapi.

"Nne," alisema Tumsifu. Halafu akamtazama. "Wewe si msomaji? Unajua."

"Najua. Nilitaka kusikia inavyosikika kwa mtu wa upande huu wa meza."

Tumsifu alingoja. Hakuwa na haraka, lakini yai halingoji. Alisema hivyo kwa adabu. Kanisius aliuliza kama ndege anasikia maumivu. Tumsifu akajibu kwamba mwongozo unasema hasikii, kifungu cha saba.

"Kifungu cha saba nilikiandika mimi."

"Basi wewe ulijuaje?"

"Sikujua. Fomu ilikuwa na kifungu cha saba, ilibidi kijazwe."

Leokadia alikuwa amesimama mlangoni. Tumsifu aliweka mikono yake miwili safi juu ya kitambaa cha kijani. Alikuwa amesoma ndege mia moja na tisa kwa mwongozo ule. Hakukasirika, ila alionekana kama mtu anayepanda ngazi aliyoizoea na kukuta imepungua daraja moja.

Kanisius alianza kuandika jina lake. Aliandika K, akaandika nukta. Kalamu ilikuwa nzima, mkono ulikuwa mzima, hesabu ilikuwa ileile. Alikaa hivyo kwa muda ambao Tumsifu, kwa mazoea ya kazi, aliupima: dakika nne na nusu. Kisha akasimama, akafungua tundu, akamshika 0417 kwa namna inayofundishwa, shingo kati ya vidole viwili, akatoka naye nje kwa mlango wa jikoni.

Alifungua mkono tu. Ndege hakupaa juu, wala hakugeuka kumwangalia. Nyuma ya jiko siafu walikuwa wanavuka njia kati ya vile vijiti thelathini na kimoja, na kipwiti alitua pembeni ya msafara wao, akamnyakua mende, akaendelea na kazi kama mtu aliyechelewa kufungua duka.

"Na mayai?" aliuliza Leokadia.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, na wote watatu walijua. Ramani ya kusini ilikuwepo, imehifadhiwa, tayari kuandikwa. Kwa ramani hiyo wangerudi wachache. Kwa mwendo ule, wanne au watano. Yakiachwa bila kuandikwa, watoto wataamka Mei na ramani ya babu zao, wateremke kwenye miwa kama wale mia tatu. Labda 0417 alizaliwa na njia hiyohiyo, na mahali pale ni pao wote. Labda aliipata kwa bahati, peke yake, akikwepa upepo mwaka wa kwanza, na hakuna mwingine atakayeipata. Hilo lingejulikana kwa kumsoma tu, na alikuwa anakula mende.

"Tusiandike," alisema Kanisius.

Tumsifu alisema lazima amwandike mtu aliyeamua. Kanisius akamtajia jina lake, herufi moja moja, ingawa alikuwa analijua.

5

Cheti chake cha kusoma kilifutwa Januari, kwa barua fupi. Leokadia alimpa kazi ya nyavu, na ikaonekana hana kipaji nayo. Alichana nyavu mbili na kujinasa mwenyewe mara moja, na Wahehe wa kijiji wakapata kicheko cha msimu mzima.

Watoto arobaini na mmoja walitoka kwenye mayai. Walirudishwa viotani, wakakua, wakajifunza kufuata siafu bila kufundishwa. Mei wakubwa waliondoka. Juni, asubuhi moja ya ukungu, watoto nao hawakuwepo.

Baraza lilituma vyombo vya angani kupita juu ya bonde Julai na Agosti. Viliona miwa.

Nyavu zilifunguliwa tarehe mosi Oktoba. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya pili alinaswa mmoja, ya tatu mmoja, ya nne wawili. Nyavu zilipofungwa mwisho wa wiki hiyo, watoto waliorudi walikuwa wanne. Yule jike mzee hakurudi. Kipwiti wa miaka tisa ana haki ya kutorudi.

Kanisius aliziweka tarakimu hizo mezani mbele ya Leokadia.

"Mwaka jana tisa," alisema Leokadia.

"Ndiyo."

"Na kama tungewaandika?"

"Wanne. Watano. Sijui."

Leokadia alisema hata yeye hajui. Kisha akamuuliza kama amewapima, maana huyo wa mwisho, alipomtoa wavuni, alimwona mzito.

Hakuwa amewapima. Alikuwa anawahesabu tu. Vipwiti waliotoka kusini kwa miaka yote hiyo walirudi na gramu kumi na moja, kumi na moja na nusu, mfupa wa kidari umechomoza kama kisu, na nusu yao walikufa kabla ya kujenga. Alimchukua huyo wa mwisho, ambaye bado alikuwa ndani ya mfuko, akamweka kwenye mzani.

Gramu kumi na sita na pointi mbili.

Alimpima tena. Akampulizia manyoya ya kidari, yakafunguka, na chini yake, pale ambapo kila mwaka waliona mfupa, palikuwa na mafuta ya njano, manene, kama siagi. Leokadia aliinama akatazama. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, mkono juu ya meza, na Kanisius aliona kwamba bega lake linatikisika, ila hakuweza kujua kama ni kwa kicheko.

"Wamekula wapi hawa?" aliuliza Leokadia.

Kanisius alimwachia ndege dirishani, akakaa kwenye mashine, akajaza taarifa. Namba, umri, uzito. Palipoandikwa "Atokako" alifikiri kidogo, akaandika: Kwao.

Mashine ilikataa. Ilitaka nambari za ramani. Akaandika tena: Kwao. Ikakataa, ikamwonyesha kwa rangi nyekundu mahali alipokosea. Akaandika mara ya tatu, polepole, na safari hii mashine ikapokea, labda kwa kuchoka.